Waziri Si Jaji

Hatujasahau shambulio la kigaidi katika jumba la maduka la Westgate. Septemba 2013 watu 67 waliuawa pale, na hakuna Mkenya anayetaka magaidi wapange njama tena kwa raha zao. Lakini Ibara ya 31 ya Katiba inalinda faragha ya mawasiliano, na Sheria ya Kuzuia Ugaidi ya 2012 ilimtaka polisi aombe kwanza amri ya Mahakama Kuu. Desemba 2014 kikapachikwa kifungu cha 36A: vyombo vya usalama vinase mawasiliano kwa utaratibu utakaowekwa na waziri.

Waziri si jaji. Mama anayemweleza daktari ugonjwa wa mwanawe kwa simu hana hatia yoyote, lakini bila jaji wa kukagua, simu yake nayo yaweza kunaswa. Wabunge, kirekebisheni kifungu hicho: amri ya mahakama itangulie, kila mara.