Usukani ukicheza unapofunga breki

Mzazi unayepita na watoto barabara ya Bagamoyo–Msata, ukifika Kiwangwa lazima upunguze mwendo: watu wanavuka, magari yanasimama kununua mananasi. Ukikanyaga breki pale usukani ukacheza mikononi, usipuuze. Mtetemo ni kama homa, ni dalili tu; ugonjwa wenyewe hutafutwa.

Usukani ukitetemeka, anza na diski za mbele. Ukiusikia zaidi kwenye kiti, kagua breki za nyuma. Je, gari linatetemeka hata bila kufunga breki? Hapo angalia balansi ya tairi, bushi na boljointi.

Mara nyingi diski huwa imelika bila usawa, huku nene, kule nyembamba. Chanzo huwa pistoni ya breki iliyokwama, kutu kwenye habu, au nati za tairi zilizokazwa bila kulingana. Ukifunga pedi mpya juu ya diski hiyo, umemeza dawa ya maumivu tu, mtetemo utarudi.

Mwambie fundi apime unene wa diski. Kiwango cha chini kwa kawaida huandikwa kwenye diski yenyewe, kwa milimita. Ikiwa bado nene, huchongwa. Ikiwa imeisha, badilisha zote mbili, kulia na kushoto, pamoja na pedi. Nati zikazwe kwa kupishana.

Pedeli ikizama au gari likivuta upande mmoja, usipakie mtoto. Mwite fundi aje ulipo.