Kamera za Usalama: Usalama wa Nani?

Katika somo la sarufi, huwakumbusha wanafunzi wangu kwamba a-unganifu hubeba maana zaidi ya moja. "Kiti cha mwalimu" hutaja mwenye kiti. "Maji ya kunywa" hutaja matumizi. Je, "kamera za usalama" ni kamera za kuleta usalama, au ni kamera za wale tuwaitao watu wa usalama? Swali hili limetoka darasani na kuingia mitaani.

Mnamo Septemba 2013 magaidi walivamia jengo la Westgate jijini Nairobi na kuua watu 67. Kamera za humo ziliwanasa wauaji. Zikawanasa pia wanajeshi wakitoka dukani na mifuko. Mwaka uliofuata, Serikali iliipa kampuni ya Safaricom kandarasi ya kuwawekea polisi mtambo wa mawasiliano, pamoja na kamera 1,800 katika miji ya Nairobi na Mombasa.

Sipingi hatua hiyo. Ni kweli kwamba kamera haimzuii mtu aliyekwisha kata shauri la kufa. Lakini humwonyesha mpelelezi nani alipita wapi, na saa ngapi. Isitoshe, ni shahidi asiyesahau wala kuhongwa.

Hata hivyo, shahidi huyo aweza kunyamazishwa. Juni 2025, mwalimu Albert Ojwang alikamatwa Homa Bay kwa sababu ya maandishi ya mtandaoni, akasafirishwa hadi Nairobi, na akafa akiwa mikononi mwa polisi. Polisi walidai kwamba alijigonga ukutani; upasuaji wa maiti ukapinga dai hilo. Kisha IPOA, mamlaka huru inayochunguza utendakazi wa polisi, ikaieleza Seneti kwamba mtambo wa kamera kituoni ulikuwa umevurugwa. Nani alitenda nini, hilo ni la mahakama kuamua. Letu ni kuuliza iliwezekanaje kumbukumbu hizo kuguswa kabla ya wachunguzi kuzifikia.

Wahenga walituonya tusimpelekee nyani kesi ya ngedere. Kumbukumbu za kamera za kila kituo cha polisi zapaswa kuhifadhiwa, saa hiyo hiyo zinaponaswa, mahali pengine nje ya mamlaka ya polisi: kwa IPOA au mahakamani. Nayo Katiba, katika kifungu cha 31, yatulinda faragha. Basi raia naye ana haki ya kujua nani anazitazama picha zake, na kwa muda gani zitawekwa.

Watetezi wa kamera husema kwamba asiye na hatia haogopi kuonwa. Naam, nakubali. Kauli hiyo na ianzie katika seli za polisi. Hapo ndipo mwalimu na mwanafunzi, waonapo kamera juu ya mlingoti, watakapoamini kwamba usalama unaotajwa ni wao pia.