Mjusi wa Tendaguru na wimbo wa "hatuna uwezo"

Nimekuwa kimya kidogo, majukumu ya chumba cha habari yamenibana. Leo nina dukuduku, tena la siku nyingi, kuhusu yule mjusi wetu mkubwa aliyesimama kwenye makumbusho ya elimu viumbe kule Berlin.

Magazetini tunamwita mjusi, wataalamu wanamwita Giraffatitan, ni dinosaria wa miaka kama milioni 150 iliyopita. Ana urefu wa mita 13.27 kwenda juu. Alichimbwa kilima cha Tendaguru, Lindi, kati ya mwaka 1909 na 1913, akasimamishwa Berlin mwaka 1937. Watu wanatoka dunia nzima kwenda kumpiga picha.

Kila hoja hii inapozuka, utasikia kundi moja linasema arudishwe kesho, na lingine linauliza akija tutamweka wapi, hatuna jengo, hatuna wataalamu, hatuna uwezo. Mwaka 2018 aliyekuwa Waziri wa Mambo ya Nje, marehemu Balozi Augustine Mahiga, alisema Tanzania haitaidai mifupa hiyo, ila inataka Wajerumani washirikiane nasi katika uchimbaji na makumbusho. Sawa. Lakini mimi sikubali kwamba hoja ya uwezo ndiyo imalize mjadala.

Kwanza, fuvu la Zinjanthropus, lililookotwa Olduvai na Mary Leakey mwaka 1959, tumelitunza wenyewe Dar es Salaam tangu miaka ya sitini. Halijaoza, halijaibwa. Pili, hao wenye uwezo nao yaliwakuta: sehemu ya mifupa ya Tendaguru iliharibiwa Berlin kwa mabomu ya Vita Kuu ya Pili. Na jambo ambalo wengi hawalijui, hata huyo mjusi anayepigwa picha si mifupa mitupu. Ameunganishwa kutoka kwa wanyama zaidi ya mmoja, na pingili zake nyingi za mgongo na shingo ni za kuiga, kwa sababu zile halisi ni nzito na dhaifu mno kutundikwa. Sasa kama mgeni wa Berlin anaridhika na pingili za kuiga, kwa nini ionekane ajabu tukisema nakala ibaki huko na kilicho halisi kirudi? Au hata, kwa kuanzia, nakala nzima ije isimame Lindi mjini, mtoto wa shule ya msingi aione bila viza?

Lakini linaloniuma zaidi ni watu. Uchimbaji ulianza miaka miwili tu baada ya Maji Maji kuzimwa, katika kusini ileile iliyokuwa imechomewa mashamba na kufa njaa. Vibarua walifikia kama 500 kwa msimu. Zaidi ya tani 200 za mifupa zilibebwa vichwani na mabegani hadi bandari ya Lindi, mwendo wa siku tatu, nne kwa miguu, kurudi tena na kubeba tena. Hakukuwa na lori wala punda. Msimamizi wao mkuu alikuwa Boheti bin Amrani, mtu ambaye Wajerumani wenyewe, Janensch na Hennig, walimtegemea kutafuta na kuandaa mifupa.

Nilifika chuo kikuu bila kulisikia jina hilo. Zinjanthropus tulikariri tangu shule ya msingi, Boheti hakuna. Mwaka 2007 mtafiti wa Kijerumani alimpa dinosaria mwingine wa Tendaguru jina la Australodocus bohetii kumkumbuka. Mwaka 2019 mwingine akaitwa Wamweracaudia, kwa heshima ya Wamwera. Yaani heshima ya babu zetu inatolewa kwenye majarida ya kisayansi ya Ulaya, kwa Kilatini, sisi hata bango barabarani hatuna habari nalo!

Mwaka 2023 Rais Steinmeier wa Ujerumani alikwenda Songea akaomba radhi kwa yaliyotendwa wakati wa Maji Maji, na akazungumzia urejeshaji wa mabaki ya watu na mali za utamaduni. Hapa ndipo mjusi anapoteleza. Si binadamu, si kinyago, ni "elimu viumbe", basi anawekwa kando kana kwamba aliruka mwenyewe hadi Berlin. Nasema mabega yaliyombeba ni ya watu walewale anaowaombea radhi. Suala lake liingie mezani pamoja na mengine.

Na hata kabla ya kukubaliana nani mwenye mali, kuna mambo yasiyohitaji jengo la mabilioni. Shajara, ramani na picha za uchimbaji zitafsiriwe Kiswahili zifike maktaba ya Lindi. Vijana wetu wa jiolojia wapate nafasi ya kusomea mifupa hiyo hadi shahada ya uzamivu, maana bado kuna mawe ya Tendaguru hayajachunguzwa, na sioni kwa nini atakayeandika habari zake atoke nje kila mara. Wizara ikitaka kuonyesha huo ushirikiano uliotajwa 2018, ianzie hapo, na itutajie tarehe.

Mnasemaje wadau, hasa mlio Lindi na Mtwara? Kama mna wazee wanaokumbuka simulizi za waliobeba mizigo ile, niandikieni. Nitapanda basi.