Promota Moja, Majibu Mawili

Wapo wanaoshikilia kwamba saratani ni saratani tu: kinachoichochea kwenye titi kitaichochea popote, na dawa inayoizima huko itaizima popote. Tamoksifeni, kidonge ambacho wanawake wengi wenye saratani ya titi hukimeza kwa miaka mitano au zaidi, inawaumbua.

Kwenye titi, tamoksifeni hukikalia kipokezi cha estrojeni, homoni ikakosa pa kushika. Kipokezi hicho ndicho kinachogusa promota, yaani kipande cha DNA kilichotangulia jeni, ambapo usomaji wake huanzia. Promota ya MYC, jeni inayohimiza seli kugawanyika, hunyamaza. Lakini kwenye utando wa ndani wa mfuko wa uzazi, kwa dawa ile ile na promota ile ile, MYC huamka. Mwaka 2002 watafiti Yongfeng Shang na Myles Brown walieleza sababu: seli za mfuko wa uzazi walizozichunguza zilijaa protini saidizi iitwayo SRC-1. Walipoizima, dawa iliacha kuichochea MYC. Walipoizidisha kwenye seli za titi, dawa iligeuka kichocheo huko pia.

"Basi jeni za titi ni tofauti na za mfuko wa uzazi." Hapana. Zote zimetokana na yai moja lililorutubishwa. Kinachotofautiana ni protini zinazoizunguka DNA.

Dai linalonikera zaidi ni kwamba lazima jeni yenyewe iharibike ndipo saratani ije. Tuje kwetu. Uvimbe wa taya za watoto ambao daktari Denis Burkitt aliueleza mwaka 1958 kutoka Kampala mara nyingi huanza kromosomu zinapokatika na kuungwa vibaya: MYC huhama tu kutoka kromosomu ya 8 hadi ya 14, jirani na jeni za kingamwili. Kwenye seli B, zinazotengeneza kingamwili, ujirani huo huisukuma MYC bila kupumzika. Kwenye seli ya ini, isiyotengeneza kingamwili, mhamo huo huo usingekuwa na msukumo.

Haya yasimfanye mgonjwa aitupe tamoksifeni. Kwa wengi, faida yake inaizidi hatari ya kuchochea saratani ya mfuko wa uzazi. Ila ukiwa unaitumia, umeshakoma hedhi, kisha ukaona damu ukeni hata tone, usingoje kliniki ijayo. Mwone daktari.