Kabla ya kununua mashine ya kuchapa kanga, uliza itakaushia wapi

Mwenye mtaji mdogo anayetaka kuchapa kanga na vitenge mwenyewe, badala ya kungoja mzigo wa kiwandani au wa kutoka nje, hukutana kwanza na tatizo la nafasi. Rangi zinapatikana, kitambaa cheupe kinapatikana, na mafundi wa skrini wapo Dar es Salaam, Mombasa na Nairobi. Kinachokosekana ni ukumbi wa kuweka meza ndefu kwa pango linalolipika. Ndiyo maana muuzaji wa mashine huanza na sifa moja: "Hii haichukui nafasi."

Safu hii inawashauri wasomaji wasiipokee sifa hiyo hivi hivi. Mashine inaweza kuwa fupi na bado ikammaliza mwekezaji kwa pango, umeme na mzigo ulioharibika, kwa sababu kinachokula nafasi zaidi katika kazi hii si kuchapa, bali ni kukausha. Anayebuni mashine, na anayeinunua, na aanze kwa kuuliza kitambaa kibichi kitakaa wapi.

Meza ina kazi tatu

Tuanze na meza inayotumika katika karakana ndogo. Jora hutandazwa na kubandikwa juu ya meza, kisha mafundi wawili hubeba fremu yenye wavu, huiweka kwenye alama, humwaga rangi na kuivuta kwa mpira. Hawachapi pambo la kwanza kisha la pili lililo jirani. Huchapa la kwanza, la tatu na la tano, halafu hurudi kwa la pili na la nne baada ya yale ya mwanzo kukauka, maana ukingo wa fremu ungekanyaga rangi mbichi.

Kwa hiyo meza inafanya kazi tatu kwa wakati mmoja. Inakishika kitambaa kisivutike, inatoa alama za kuweka kila rangi mahali pake, na ndiyo kamba ya kuanikia. Kwa muda mwingi wa siku, kazi ya tatu ndiyo inayoishughulisha.

Sasa tuangalie hesabu. Kanga moja ina urefu wa karibu mita 1.5 na upana wa karibu mita 1.1. Meza ya mita 30 inabeba kanga 20, yaani doti 10. Ikiwa na upana wa mita 1.5, njia ya mita moja kila upande na nafasi ya mita moja kila mwisho, inahitaji ukumbi wa mita 32 kwa 3.5, ambao ni mita za mraba 112. Mwenye karakana analipa pango la mita za mraba 112 ili doti 10 zikauke.

Silinda si jibu kwa kila nguo

Tatizo hili si geni duniani. Mwaka 1783 Mskoti Thomas Bell alipata hataza ya kuchapa kitambaa kwa silinda za shaba zilizochongwa, na tangu hapo ikafahamika kwamba kitambaa kinaweza kutembea huku kichapio kikibaki mahali pamoja. Mwaka 1963 kampuni ya Stork ya Uholanzi ilionyesha mashine ya skrini za mviringo katika maonyesho ya mitambo ya nguo mjini Hannover, Ujerumani. Rangi hukaa ndani ya silinda yenye matundu, na silinda huzunguka juu ya kitambaa bila kusimama.

Wengi husikia habari hizo wakaamua kutafuta mashine ya silinda iliyokwishatumika ng'ambo. Hapo panahitajika tahadhari. Kipimo cha kawaida cha mzunguko wa silinda hizo ni sentimita 64. Kwa kitenge, ambacho pambo lake hujirudia mfululizo, kipimo hicho kinafaa. Kanga ni nguo ya namna nyingine. Ina pindo pande zote nne, ina mji katikati na ina jina lake, na vyote hivyo vinakamilika mara moja tu katika mita 1.5. Silinda ya sentimita 64 haiwezi kutoa kanga kamili. Ingehitajika silinda yenye mzunguko wa mita 1.5, yaani kipenyo cha karibu sentimita 48, na hiyo si saizi utakayoikuta kwenye mashine yoyote ya mtumba. Anayenunua silinda za kitenge kwa nia ya kuuza kanga amenunua chuma chakavu cha bei kubwa.

Mashine zinazorusha wino kwa kompyuta nazo ni fupi kweli, na hazihitaji skrini. Kwa sampuli na oda za mita chache zina faida. Hata hivyo, kitambaa lazima kiandaliwe kwa dawa kabla ya kuchapwa, wino unagharimu kwa kila mita, na matundu ya wino huziba mashine ikikaa bila kazi. Mashine ndogo za aina hiyo ni za polepole pia. Kwa nguo ya bei ya chini inayouzwa kwa wingi kama kanga, mwenye mtaji mdogo atashindwa kushindana.

Mashine inayofaa

Kwa maoni ya safu hii, mashine inayofaa kwa karakana ya mjini ni ya fremu bapa na mkanda. Mkanda usio na mwisho, uliopakwa gundi, hukishika kitambaa na kukisogeza mita 1.5 kwa kila hatua. Fremu hazibebwi tena. Zinainuka na kushuka mahali pake, zikiegemea reli za pembeni ili ukingo usiguse rangi mbichi. Mkanda ukirudi kwa chini huoshwa kwa maji na brashi, kwa hiyo sehemu ya chini nayo inafanya kazi.

Mbunifu asidanganyike kwamba mkanda unaweza kuwa mfupi anavyotaka. Ili rangi ya pili iangukie mahali pake, fremu yake lazima iwe umbali wa hatua kamili kutoka kwa ya kwanza. Lakini fremu yenye pambo la mita 1.5, pamoja na mbao au chuma chake, ni ndefu kuliko mita 1.5, hivyo fremu mbili haziwezi kukaa bega kwa bega. Inabidi kuruka hatua moja. Maana yake kila rangi inayoongezwa inadai mita 3 za mkanda. Kanga ya rangi mbili inataka mkanda wa karibu mita 5.5, na ya rangi tatu karibu mita 8.5. Anayekuuzia mashine ya rangi sita iliyo na mkanda wa mita 6, mwombe akuchapie kanga mbele yako.

Sasa tufike kwenye kukausha. Wengi hufikiri kupitisha kitambaa juu na chini kati ya rola, kama mkanda wa kinu. Kwa kitambaa kibichi njia hiyo ni hasara. Rola ya juu inagusa mgongo wa nguo, lakini rola ya chini itagusa uso uliochapwa, na rangi itahamia kwenye rola na kurudi juu ya nguo kama madoa.

Dawa yake ni ile ambayo kila nyumba ya Pwani inaijua: kamba. Fito zinazobebwa na minyororo miwili hupokea kitambaa kwa juu, mgongo ukiegemea ufito, na katikati ya fito mbili kitambaa huning'inia bila kuguswa na chochote. Kila mning'inio wa kina cha mita 2 unabeba mita 4 za kitambaa. Fito zikiachana sentimita 30, mininginio sita inabeba mita 24 ndani ya urefu wa mita 1.8 tu wa sakafu. Chumba kinahitaji kimo cha karibu mita 3, na kimo ndicho kitu ambacho mwenye nyumba hatozi pango.

Upepo uingizwe kwa upole kutoka chini. Ukiwa mkali, nyuso mbili zinazotazamana ndani ya mning'inio zitagongana na kushikana, na jora zima litakuwa la kuuza kwa bei ya matambara.

Hesabu ya mwekezaji

Mafundi wakimaliza hatua moja kwa dakika moja, kitambaa kinakwenda mita 1.5 kwa dakika. Hizo ni mita 90 kwa saa, au doti 30. Katika saa 6 za kazi zinatoka doti 180. Kwa mwendo huo, kila sehemu ya kitambaa inakaa dakika 16 kwenye fito, muda unaotosha kukausha kwa hewa ya vuguvugu bila tanuri kali.

Nafasi yake ni hii: mita moja ya kufungulia jora, 8.5 za mkanda, 2 za fito na moja ya kukunjia. Jumla ni mita 12.5. Ukiweka upana wa mita 4 pamoja na njia za kupita, unapata mita za mraba 50 dhidi ya 112 za meza. Umeokoa zaidi ya nusu ya ukumbi.

Lakini nafasi hiyo haikuokolewa bure. Meza ilikausha kwa hewa ya mlangoni, wakati mashine inakausha kwa nishati unayoilipia. Kugeuza kilo moja ya maji kuwa mvuke kunahitaji takriban yuniti 0.63 za umeme, bila kuhesabu joto linalopotea. Tuchukulie kila mita ya kanga imebeba gramu 100 za maji. Kwa mita 90 hizo ni kilo 9, na yuniti karibu 6 kwa kila saa. Chumba kinachovuja joto kinaweza kula mara mbili ya hapo. Kwa hiyo tofauti ya pango lazima ishindanishwe na bili ya umeme au gesi. Mahali ambapo pango ni nafuu na uwanja ni mkubwa, meza bado ina haki yake. Katikati ya mji, mashine ndiyo itakayoshinda.

Wapo wanaopendekeza kuweka chumba cha kukaushia juu ya mkanda ili kupunguza mita nyingine 2 za sakafu. Wazo linavutia kwenye karatasi. Kwenye kazi, joto linaloshuka hukausha rangi ndani ya wavu wa fremu, matundu yanaziba, na fundi anatumia asubuhi nzima kuosha skrini. Bora kuzilipia hizo mita 2.

Pia mwekezaji asisahau kwamba kukauka si kukomaa. Rangi za pigimenti zinahitaji joto la karibu nyuzi 150 kwa dakika chache ili zisitoke kwenye maji. Kitambaa kikishakauka kinaweza kupita kwenye rola bila madoa, hivyo tanuri dogo la mita 1.5 linatosha, na linaweza kutumika siku nyingine. Rangi za aina ya riaktivi zinataka mvuke na maji mengi ya kusuuza, na karakana ya mjini heri iziache. Hata maji ya kuosha mkanda yanahitaji shimo lake, yasielekezwe kwenye mtaro wa barabarani.

Soko lipo wapi

Kiwanda kikubwa kama Urafiki, kilichoanza kazi Dar es Salaam mwaka 1968 kwa ushirikiano na China, kilijengwa kwa ajili ya mita nyingi za pambo moja. Mwenye mashine ndogo hana haja ya kupigana huko. Soko lake ni oda za doti 100 au 200: harusi, kikundi cha akina mama, shule, kampuni, msiba wa mtu mashuhuri. Katika kanga, maandishi kwa kawaida hukaa kwenye fremu ya rangi moja tu. Mwenye akili ataweka fremu za mji na pindo, kisha kwa kila mteja atatengeneza upya ile fremu moja yenye jina. Hapo gharama ya oda inashuka, na mteja hangoji mwezi mzima.

Sehemu kubwa ya mashine hii, yaani fito, minyororo, reli na chumba cha bati, inaweza kutengenezwa na mafundi wetu. Mkanda na wavu ndivyo vya kuagiza. SIDO imekuwapo Tanzania tangu mwaka 1973 kwa ajili ya viwanda vidogo, na kazi kama hii ndiyo yake. Badala ya watu watano kuweka rehani nyumba tano kwa mashine tano za mtumba, ni heri wachange, watengeneze moja ya majaribio, waichapishe majora kumi, kisha ndipo kila mmoja aamue.

Kwa atakayeamua kununua iliyo tayari, ushauri ni mfupi. Nenda na jora lako, fremu zako na saa yako. Usiondoke baada ya kuona pambo la kwanza likitoka safi, maana hilo hata meza mbovu inaliweza. Subiri hadi mita ya 30 ikunjwe, ifungue, uifute kwa kitambaa cheupe. Kikibaki cheupe, ndipo mzungumze bei.