Wimbo ulilaaniwa, je, nyumba zilizobomolewa?

Sifa njema zote anastahiki Allah (S.W.), Mola wa viumbe vyote. Rehema na amani zimshukie Mtume wetu Muhammad (S.A.W.), aali zake na sahaba zake.

Ndugu Waislamu, Azerbaijan ni nchi iliyo kando ya Bahari ya Kaspi, na wananchi wake walio wengi ni Waislamu. Mwaka 2008 iliingia kwa mara ya kwanza katika Eurovision, mashindano ya nyimbo ya nchi za Ulaya yanayoonyeshwa kila mwaka katika televisheni. Mwaka 2011 ilishinda mjini Düsseldorf, Ujerumani, na kwa desturi ya mashindano hayo ikapata zamu ya kuyaandaa mwaka 2012 katika mji wake mkuu, Baku.

Mashindano yalipowadia, baadhi ya maulamaa wa nchi jirani ya Iran waliyakemea hadharani, na uhusiano ukachafuka hata Iran ikamwita nyumbani balozi wake. Hatumlaumu anayekemea ngoma na maonyesho, kwani kukataza maovu ni wajibu. Lakini je, uovu ulikuwa jukwaani tu?

Ukumbi wa mashindano ulijengwa ufukweni, karibu na Uwanja wa Bendera ya Taifa. Februari 2012, shirika la Human Rights Watch lilitoa ripoti kuhusu wakazi wa mitaa kadhaa ya Baku, ukiwemo ule wa jirani na uwanja huo, walioondolewa kwa nguvu na nyumba zao kubomolewa, wengine bila ya onyo. Serikali ilikana kwamba ubomoaji huo ulihusiana na mashindano. Hata tukilikubali hilo, mtu aliyevunjiwa nyumba kwa dhuluma ili ipite barabara au ipandwe bustani, machozi yake yana tofauti gani?

Mtume (S.A.W.), katika hadithi waliyoipokea Bukhari na Muslim, ametuonya kuwa mwenye kupora ardhi japo shubiri moja atavishwa shingoni ardhi saba Siku ya Kiyama. Na alipomtuma Muadh bin Jabal (R.A.) kwenda Yemen, alimtahadharisha na dua ya aliyedhulumiwa, kwani haina kizuizi baina yake na Allah.

La kusikitisha ni kwamba Loreen wa Sweden, mwimbaji aliyeibuka mshindi mwaka huo, alikwenda kuonana na watetezi wa haki za binadamu mjini Baku. Mwimbaji aliuliza habari za wanyonge. Wangapi miongoni mwetu tuliuliza?

Wazazi wenzangu, tunazima televisheni wimbo unapoanza, na tunafanya vyema. Basi tuwafunze watoto wetu pia kuchukia dhuluma kwa uchungu uleule, wakianza na mpaka wa shamba la yatima na ujira wa mtumishi wa nyumbani. Dini yetu haikukataza nyimbo chafu ikanyamazia nyumba za watu.

Allah (S.W.) atujaalie kuwa wasimamizi wa uadilifu. Amin.