Mbau: Mgonjwa akitoka hospitali, ni nani anamupokea?

Mgonjwa wa Mbau akizidiwa, njia inajulikana. Muuguzi wa kituo cha afya anaandika kartasi ya kumutuma, jamaa inatafuta pikipiki ao gari, na safari inaanza kwenye barabara ya kitaifa namba 4: kuelekea Oicha, ao kurudi nyuma hadi mji wa Beni, karibu kilometa 20. Juu ya safari hiyo ya kwenda, viongozi wanasema sana. Ambulansi, barabara, usalama. Juu ya safari ya kurudi nyumbani, karibu hakuna anayesema kitu.

Na ni kwenye kurudi ndipo wagonjwa wanapotea. Chukua mfano wa mama mzee aliyevunjika mguu. Kijiji chake kilikuwa upande wa barabara ya Mbau-Kamango, alikimbia vita, sasa analala kwenye chumba cha mjukuu wake. Siku moja hospitali inamuruhusu kutoka. Anapewa ordonansi, anaambiwa arudi kisha wiki mbili kufunguliwa kidonda. Kwa pesa gani ya pikipiki? Muuguzi wa kituo kilicho karibu naye hajui hata kama amerudi. Kidonda kikioza, mama anarudishwa hospitali akiwa vibaya kuliko mwanzo, na faktire inakuwa ya pili.

Ulaya kuna nyumba za kutunzia wazee, na hospitali inajua pa kumupigia simu mbele ya kumutoa mgonjwa. Huku nyumba hiyo ni jamaa, mara nyingi jamaa iliyopokea wengine tayari. Lakini kupokelewa na jamaa si sababu ya hospitali kunyamaza. Kanuni za afya za Congo zinataka kartasi iwe na safari mbili: kituo kinaandikia hospitali kuu, na hospitali inajibu kituo. Kartasi ya kwenda inaandikwa. Ile ya kurudi, ikiandikwa, inabaki kwenye mfuko wa mgonjwa, pamoja na ordonansi.

Eneo hili lilijifunza jambo hilo kwa bei kali. Kati ya tarehe 1 mwezi wa 8 mwaka 2018 na tarehe 25 mwezi wa 6 mwaka 2020, Ebola iliua watu 2 287 kwenye wagonjwa 3 470. Wengine waliambukizwa ndani ya vituo vya matibabu, sababu wagonjwa walihama kituo hadi kituo bila mtu kujua walikopitia. Wakati huo daftari zilifunguliwa, simu zilipigwa, hata waliopona walifuatiliwa nyumbani kwao. Kumbe iliwezekana. Kwa mama mwenye mguu uliovunjika, ni nani amefanya kazi hiyo?

Kuna watakaojibu kwamba usalama hauruhusu. Ni kweli, na hakuna wa kumulaumu muuguzi anayeogopa njia: mwezi wa 7 mwaka 2022, waasi walishambulia kituo cha afya cha Lume, na wagonjwa waliuawa humo. Lakini simu haipiti porini. Dakika tano zinatosha kumuambia muuguzi wa Mbau kwamba mtu fulani anatoka kesho asubuhi, anakunywa dawa hii, kidonda kifunguliwe siku fulani. Muuguzi anamuambia reko wa mtaa, reko anapita nyumbani. Uniti za simu ni pesa kidogo kuliko mafuta ya ambulansi moja.

Kifungu cha 49 cha Katiba kinawapa wazee na watu wenye ulemavu haki ya kulindwa kwa namna ya pekee. Zoni ya afya ya Oicha haihitaji kungoja Kinshasa ao wafadhili juu ya kuanza. Inahitaji daftari moja kwenye mlango wa kutokea wa hospitali: jina la mgonjwa, siku anayotoka, jina la muuguzi aliyepokea simu. Pale jina hilo la mwisho litakapokosekana, kutakuwa na mtu wa kuulizwa.